Saa Mbili za Rizevu: Kitabu cha Kozi Kinapatikanaje?

Kabla hatujaanza kugombana tena juu ya dhamira na falsafa ya mwandishi, naomba leo tuzungumzie jambo ambalo wahakiki wetu hawaliandiki, nalo ni hili: kitabu chenyewe unakipata wapi? Nimesoma insha nyingi za wanafunzi wenzangu, na katika baadhi yake inaonekana wazi kabisa kwamba mhakiki hakukishika kitabu anachokihakiki. Amehakiki desa. Na ukimwuliza atakujibu, bwana we, kitabu kiko rizevu, nani atapanga foleni kule?

Basi tuanze na hiyo rizevu. Ni akiba maalumu ya maktaba. Kabla ya muhula kuanza mwalimu wa kozi anapeleka orodha ya vitabu ambavyo kila mwanafunzi lazima avisome. Wakutubi wanavitoa kwenye rafu za wazi, wanabadilisha kumbukumbu zake katika katalogi, na kuvipanga nyuma ya kaunta. Kuanzia hapo kitabu kile kile ambacho ungeweza kukaa nacho bwenini wiki mbili unakipata kwa saa mbili tu, na unakisomea humo humo ndani. Wengi wanadhani huu ni ukali wa wakutubi. Si kweli. Ni hesabu.

Chukua darasa la wanafunzi 140 na nakala moja ya riwaya. Ingeazimwa kwa wiki mbili mbili, muhula mzima wangeisoma watu saba au wanane, na hao wangekuwa wale wenye mbio. Sasa iweke rizevu. Kama kaunta inaazimisha tangu saa 2 asubuhi hadi saa 3 usiku, watapita wasomaji sita mchana, na wa saba ataondoka nayo usiku. Watu saba kwa siku, siku 20 darasa zima limeishika. Zikiwepo nakala tatu, wiki moja inatosha. Lakini hesabu hii inakubali tu kama kila mtu anakwenda kwa siku yake. Sisi tunakwenda wote siku mbili kabla ya semina, halafu tunalaumu maktaba kwamba haina vitabu.

Kosa la kwanza la mgeni ni kukitafuta kitabu kwenye rafu. Atazunguka ghorofa nzima, hakioni, anatoka nje na kutangaza kwamba kimeibiwa. Anza kwenye katalogi, iwe ya kadi au ya kompyuta. Itakuonyesha namba ya kitabu na mahali kilipo. Katika maktaba zinazofuata mpango wa Library of Congress, Kiswahili kinakaa PL 8701 mpaka PL 8704, na waandishi mmoja mmoja wako kwenye hiyo 8704. Ukiona imeandikwa kwamba kiko akiba, usipande ngazi, nenda kaunta. Na usifike pale ukasema, "Dada, naomba kile cha Kezilahabi." Kipi? Rosa Mistika, Kichwamaji, Gamba la Nyoka, Nagona? Nyuma yako kuna watu kumi na watano. Andika namba, jina la mwandishi, jina la kitabu na namba ya kozi, kwa sababu mara nyingi vitabu vya rizevu vinapangwa kwa kozi. Kitambulisho chako kinabaki kaunta mpaka urudishe. Kwa kawaida unapewa kimoja tu kwa safari moja, na kama hakuna anayekisubiri unaweza kuomba saa mbili nyingine.

Halafu kuna azima ya usiku, ambayo ndiyo siri ya wanaofaulu. Jioni karibu na kufunga, kitabu kinaruhusiwa kutoka mpaka asubuhi maktaba inapofunguliwa. Nafasi hiyo inawekewa oda tangu mchana, kwa hiyo anayekuja saa 3 kasoro usiku akihema anakuta jina la mwenzake limeshaandikwa. Kuna maktaba ambazo kitabu kikitoka Jumamosi jioni kinarudi Jumatatu, na huo ni muda wa kumaliza hata riwaya nene. Ila ujue kwamba faini ya rizevu haihesabiwi kwa siku kama ya vitabu vya kawaida. Inahesabiwa kwa saa. Ukipitiwa na usingizi mpaka saa 5, chai ya wiki imekwenda.

Sasa nieleze kwa nini nimeshika kalamu. Tulipokuwa mwaka wa pili, kikundi chetu kilipewa Rosa Mistika kwa ajili ya semina. Nakala ya rizevu ilikuwa moja, na mtu ambaye hatukumjua alikuwa amekata kurasa za mwisho kwa wembe. Safi kabisa, kama kinyozi. Hatukusema kaunta, tukiogopa kusingiziwa. Tukachukua desa la mwaka uliotangulia, nalo lilikuwa limeandikwa na mtu ambaye bila shaka alisoma nakala hiyo hiyo iliyokatwa. Siku ya semina mwenzetu akasimama, akaeleza kwa kujiamini kwamba riwaya inakwisha Rosa anapojiua, na kwamba mwandishi amekata tamaa, hana la kusema zaidi. Nadharia ikajengwa juu ya hapo, mimi nikiitikia kwa kichwa. Mwalimu akatusikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Na kule mbinguni je?"

Hatukujua kwamba kuna mbinguni. Hatukujua kwamba baada ya kifo hicho Rosa na baba yake Zakaria wanafikishwa mbele ya Mungu, na kwamba swali la nani alaumiwe linaulizwa pale hasa. Tulikuwa tumehakiki wembe wa mtu.

Tangu siku ile nimeanza kuona jinsi rizevu inavyotuandikia tahakiki zetu bila sisi kujua. Tazama insha zinazoandikwa kila mwaka. Nagona na Mzingile zina wahakiki wengi, nasi tunasema ni kwa sababu ya ugumu wa falsafa yake. Labda. Lakini pia ni vitabu vyembamba, saa mbili zinakupeleka mbali. Dunia Uwanja wa Fujo haimaliziki kwa saa mbili, kwa hiyo watu wananukuu sura zile zile za mwanzo. Ushairi nao unahakikiwa shairi moja moja, lile ambalo uliwahi kulinakili kabla kitambulisho hakijaitwa. Sisemi hiyo ndiyo sababu pekee, ila mhakiki mkweli ajiulize kama alichagua shairi au saa ilimchagulia.

Kuhusu fotokopi sina mengi. Makala moja kutoka jarida la Kiswahili au Mulika, au sura moja ya kitabu, utatolewa bila shida. Kitabu kizima watakukatalia, na wana haki, maana kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mwandishi naye ana tumbo. Tasnifu ni habari nyingine, hazitoki nje hata usiku. Ile ya Kezilahabi ya mwaka 1976 juu ya riwaya za Shaaban Robert, kwa mfano, ukiipata utaisomea mezani na kuandika kwa mkono. Wengine siku hizi wanapiga picha kwa simu, lakini uliza kwanza.

Mtaniambia, rizevu ya nini wakati mambo yote yako kwenye intaneti? Makala za majarida, naam, nyingi zinapatikana kwa kutumia namba ya siri unayopewa na maktaba. Lakini riwaya za Kiswahili za miaka ya 1970 nyingi hazimo humo, na yale mafaili yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mara nyingi ni desa lile lile lililovaa suti. Nimekuta moja linalomwita Zakaria mjomba wa Rosa.

Ukikuta kurasa zimekatwa, sema kaunta kabla hujaondoka na kitabu. Wataandika, na hutadaiwa. Mara nyingine mwalimu ana nakala yake binafsi na yuko tayari kuiweka rizevu kwa muhula mmoja, ila hakuna aliyemwomba. Kile cha Rosa Mistika kilitengenezwa hivyo hivyo: mwalimu alileta nakala yake, zikatolewa kopi za kurasa zile na kubandikwa kwa gundi mahali pake. Ziko pale mpaka leo, nyeusi kidogo, lakini zinasomeka. Na orodha za muhula ujao zinapelekwa maktaba kabla ya likizo kwisha, kwa hiyo mwenye riwaya anayoitaka iingizwe amwone mwalimu wake mapema, kabla joto la mitihani halijaanza.