Trekta ya zamani: soma namba kabla ya kununua beringi

Mvua za Machi zikikaribia, vikundi vya kulima huanza kuchanga hela za kutengeneza trekta. Mwezi huu tuongee juu ya beringi za injini, maana hapo mchango wa familia nyingi unaweza kupotea siku moja.

Tuchukue Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1964. Nyingi zina injini ya dizeli ya Perkins AD3.152, silinda tatu. Kuna beringi za meni, zinazoshika kranki kwenye bloku, na za konrodi, zinazounganisha pistoni na kranki. Zikiisha, injini inagonga ikipewa kazi nzito, na presha ya oili inashuka ikipata moto. Lakini presha ikishuka angalieni kwanza oili, filta na pampu. Huenda si beringi.

Wengi wanafika Katwe, Kampala, wanasema tu, "Nipe beringi za Massey." Muuzaji atauliza: saizi gani? Kranki ya zamani huenda ilishachongwa. Kila ikichongwa inapungua, na beringi inatakiwa iwe nene zaidi. Geuza beringi ya zamani, soma mgongoni. STD ni saizi ya kiwandani. 010 maana yake kranki ilipunguzwa inchi 0.010, yaani kama milimita 0.25. 020 ni 0.50, na 030 ni 0.75.

Namba peke yake haitoshi. Kranki inaweza kulika upande mmoja ikawa kama yai. Fundi aipime kwa maikromita, sehemu kadhaa za kila shingo. Ikiwa imelika, ichongwe kwanza, ndipo mnunue saizi inayofuata. Beringi mpya juu ya kranki mbovu haimalizi msimu.

Mkienda dukani:

- Bebeni namba ya injini na beringi za zamani.
- Nunueni seti nzima, si moja moja.
- Linganisheni matundu ya oili, mpya na ya zamani.
- Risiti iandikwe saizi, na mkubaliane juu ya kurudisha kabla ya kulipa.

Wakati wa kufunga, kila kifuniko kirudi mahali pake. Zungusheni kranki kwa mkono. Ikikwama, msiwashe injini, fungueni tena.

Vijana, msindikizeni mzee anayetumwa Kampala. Desimali mnazosoma darasani ndizo zitakazolinda hela ya kikundi.