Picha ya Mji kwa Mama Mwenye Mkoba Mmoja

Je, mama, umewahi kurudi Pemba kutoka Unguja na simu iliyojaa picha, lakini hakuna hata moja inayoonyesha mji wenyewe? Ipo ya mtoto akila aiskrimu, ya shangazi mlangoni, ya sinia la pilau. Mji kama unavyoonekana kutoka baharini, haumo. Mara nyingi sababu si simu, ni mizigo. Mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili una kikapu cha shokishoki za wifi, na begani kuna mfuko wa nguo ambazo nusu yake hazitavaliwa.

Kwa watu wa Pemba, habari ya mzigo ni nzito kuliko picha. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I iliyokuwa ikija Pemba kutoka Unguja ilizama katika mkondo wa Nungwi. Ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na watu zaidi ya 200 walikufa. Kwa hiyo mama anayemwambia wifi yake kwa upole kwamba safari hii hatabeba kikapu, asionekane mchoyo.

Mkoba mmoja wa kuvuka begani unatosha: nguo za kubadili, dawa za mtoto, chaja na kanga mbili. Kanga moja ni ya kumfunika mtoto. Ya pili izungushie simu, kwa maana rasharasha za bahari huacha chumvi kwenye kioo cha kamera, na picha hutoka na ukungu. Kifute kwa pembe iliyo kavu kabla ya kupiga.

Sasa jua. Mkoani, Chake Chake na Wete ziko upande wa magharibi wa kisiwa, na Mji Mkongwe wa Unguja nao unatazama magharibi. Asubuhi jua huwa nyuma ya nyumba, nawe ukipiga kutoka majini utapata vivuli vyeusi tu. Alasiri mwanga huangukia kuta zenyewe. Kama meli yako imefika asubuhi, usisikitike. Siku nyingine panda mashua ya kwenda kisiwa cha Changuu, na wakati wa kurudi alasiri mji wote utakuwa mbele yako.

Ukiutazama mji kutoka majini, anza kushoto karibu na bandari ya Malindi. Utaona ile zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizonakshiwa, kisha Jumba la Kifalme, Beit al-Ajaib na Ngome Kongwe. Nyuma ya paa husimama minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, ndiyo inayonifanya nisisitize jambo hili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakafa. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wataujua mnara ule kwa picha za wazazi wao, kama wazazi walizipiga.

Chomboni usiegemeze simu kwenye chuma cha ukingo, kwa sababu kinatetemeka kwa mashine. Bana viwiko mbavuni. Usivute picha karibu kwa vidole, inaharibika. Acha bahari iwe chini na mbingu juu, na jahazi likipita, lisubiri liingie. Usielekeze kamera kwa askari wala kambi zao. Na kabla ya yote hayo, mtoto awe ameketi na kushikwa na mtu unayemwamini.

Ukifika nyumbani, chagua picha mbili ukazisafishe studio. Pale Unguja, Capital Art Studio imekuwa ikifanya kazi hiyo tangu 1930, na picha zake za zamani bado zipo ukutani, wakati simu ya mwaka juzi imeshatumbukia kisimani. Nyuma ya kila picha andika kwa kalamu tarehe, jina la chombo, na nani alikuwa amekaa nawe.