Drifti: kuteleza, kutelezesha na kusombwa

Neno drifti limeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Kwa wapenzi wa mashindano ya magari, drifti ni ufundi wa kulipitisha gari kwenye kona likiwa limekaa kimshazari, magurudumu ya nyuma yakiteleza kwa kusudi la dereva. Kwa wahandisi wa barabara nchini Tanzania, drifti ni kivuko cha zege kilichojengwa karibu usawa wa kitanda cha kijito, ili maji yapite juu yake wakati wa mvua. Mtu wa Nyamwaga, wilayani Tarime, anaweza kusikia maana zote mbili katika siku moja: ya kwanza kwenye simu ya kijana wake, ya pili katika mkutano wa kijiji unaojadili barabara. Mfasiri asiyetambua tofauti hiyo huweza kuandika jambo ambalo halikutokea.

Maana ya kwanza: ufundi wa dereva

Gurudumu hushika barabara kwa msuguano, na msuguano huo una kikomo. Kiasi kilichopo hugawanywa katika kazi tatu: kuongeza mwendo, kufunga breki na kukata kona. Kazi zikizidi kikomo, mshiko hupotea. Yakianza kuteleza magurudumu ya mbele, pua ya gari huendelea moja kwa moja ingawa usukani umekatwa. Hiyo si drifti. Yakianza ya nyuma, mkia wa gari hutupwa nje ya kona. Hapo ndipo dereva wa drifti huanza kazi yake: hukata usukani kuelekea upande ambao mkia unakwenda, na huendelea kukanyaga mafuta kwa kipimo ili mtelezo usikome wala usizidi. Katika kona ya kushoto, basi, magurudumu ya mbele huonekana yakielekea kulia.

Ufundi huu ulipata umbo lake nchini Japani. Kunimitsu Takahashi aliutumia katika mashindano ya miaka ya 1970, na Keiichi Tsuchiya akaueneza katika muongo uliofuata, baada ya kujifunza kwenye barabara za milimani. Afrika Mashariki ilikwishajua kuteleza kwa namna yake. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tope la masika liliwalazimisha madereva kuyaongoza magari yaliyokuwa yakienda upande. Mashindano hayo yalirejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, yakiwa na kituo chake Naivasha. Dereva wa rali huteleza ili apite. Dereva wa drifti huteleza ili mtelezo wenyewe uonekane na upewe alama.

Maana ya pili: kivuko cha zege

Katika taarifa za ujenzi wa barabara, drifti hutajwa pamoja na kalavati na daraja. Kalavati hupitisha maji chini ya barabara. Drifti huyaacha yapite juu. Kwa sababu hiyo, drifti hupitika maji yakiwa machache na hufungwa na maji yakijaa. Gari likichukuliwa na mkondo hapo, halikupiga drifti wala halikuteleza: limesombwa. Katika nchi yenye vilima na vijito kama Tarime, sentensi “gari lilisombwa kwenye drifti” ni Kiswahili sahihi kabisa, na haihusiani na mashindano.

Kauli ya kitenzi hubeba kusudi

Kiswahili kina njia nyepesi ya kutofautisha ajali na kusudi, nayo ni mnyambuliko. Kuteleza hakuhitaji nia ya mtu. Kutelezesha kunamhitaji mtendaji. Linganisha:

Gari liliteleza kwenye tope, likagonga kingo za daraja.

Dereva alilitelezesha gari mbele ya umati.

Sentensi ya kwanza inaeleza hali ya barabara. Ya pili inamshitaki dereva. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inakataza uendeshaji wa hatari, na maneno ya shahidi ndiyo yanayosaidia kuamua kama uendeshaji ulikuwa wa namna hiyo. Tuseme lori limeacha barabara karibu na Nyamwaga baada ya mvua, na maelezo ya shahidi yanafasiriwa kutoka lugha nyingine. Mfasiri akiandika kwamba dereva “alipiga drifti”, amempa kusudi ambalo huenda hakuwa nalo. Akiandika “gari liliteleza” wakati shahidi alisema dereva alikuwa akicheza na usukani, amelifuta kosa kwa kitenzi kimoja. Pale ambapo lugha ya chanzo haibainishi, mfasiri amuulize msemaji kabla ya kuchagua kauli.

Maneno ya karibu

Kuserereka: kuteleza mfululizo, hasa kufuata mteremko. Fuso lilishindwa kupanda, likaserereka hadi chini ya kilima.

Kuyumba: kwenda huku na huku bila kushika mstari. Gari laweza kuyumba pasipo magurudumu kuteleza.

Kuhama njia: kuacha upande wake polepole, kama inavyotokea dereva anaposinzia. Lugha nyingine hutumia neno lile lile la drifti kwa jambo hili. Kiswahili hakihitaji kufanya hivyo.

Kusombwa: kuchukuliwa na maji au kani nyingine inayotembea yenyewe.

Utelezi: hali ya barabara. Mtelezo: tendo au mwendo wa kuteleza. Alama ya barabarani huonya juu ya utelezi, si mtelezo.

Ushauri wa matumizi

Katika habari za michezo, drifti na kupiga drifti vinafaa, kwa kuwa wasomaji wanavifahamu na hakuna kitenzi kimoja cha asili kinachobeba ufundi wote. Katika nyaraka za ujenzi, drifti ibaki kivuko, na itakapotajwa mara ya kwanza kwa wasomaji wa kawaida iandikwe “drifti, yaani kivuko cha zege”. Katika taarifa za ajali, neno hili liepukwe kama jina la mwendo wa gari. Lichaguliwe mojawapo kati ya kuteleza, kutelezesha, kuserereka, kuhama njia na kusombwa.

Walimu wanaweza kuianza mada hii kwa methali: kuteleza si kuanguka. Wanafunzi waulizwe kwa nini methali haisemi “kutelezesha si kuangusha”. Jibu limo katika kauli ya kitenzi: anayeteleza husamehewa, anayetelezesha huulizwa sababu.