Kuhamia Chuo Kikuu Katikati ya Safari

Wazazi wengi miongoni mwetu waliosoma Dar es Salaam, Nairobi au Makerere waliijua njia moja tu ya chuo kikuu: mwanafunzi huingia mwaka wa kwanza pamoja na wenzake, na akijaaliwa hutoka nao. Hapa California mambo yamepangwa vingine. Tangu Mpango Mkuu wa elimu wa mwaka 1960, jimbo limewafungulia vijana mlango wa pili, nao ni kusoma miaka miwili katika chuo cha jamii, kisha kuhamia chuo kikuu na kuanzia mwaka wa tatu. Vyuo vya jamii ni 116, na ada kwa mkaazi wa jimbo ni dola 46 kwa kila yuniti. Yuniti 60 zinazotakiwa kwa kuhama hugharimu dola 2,760, ilhali ada ya mwaka mmoja wa Chuo Kikuu cha California hupindukia dola 13,000. Kwa familia inayojihadhari na mikopo ya riba, tofauti hiyo si ndogo.

Watoto wetu wengi wanaipita njia hii, na wanaipita vizuri. Linalotutatiza ni linalofuata baada ya kuhama. Nimezungumza na binti mmoja wa jumuiya yetu aliyetoka chuo cha jamii na alama za A karibu tupu, mama yake akagawa halua kwa furaha. Ilipofika Disemba, matokeo ya muhula wake wa kwanza chuo kikuu yakawa C mbili na B moja. Nyumbani yakasemwa mengi: amepata marafiki wabaya, simu imemmaliza, ameingiwa na uvivu. Yeye anasema hajawahi kusoma kwa bidii kama alivyosoma muhula ule.

Mimi namsadiki. Jambo hili lina jina tangu mwaka 1965, pale mtaalamu John Hills alipoandika juu ya alama za wanaohama kutoka vyuo vya miaka miwili, akaliita mshtuko wa kuhama. Alama hushuka muhula wa kwanza, na aghalabu hupanda tena baadaye.

Sababu kubwa ni mwendo wa wakati. Muhula wa chuo cha jamii huenda miezi minne hivi. Katika matawi ya Chuo Kikuu cha California, isipokuwa Berkeley na Merced, muhula una wiki kumi za masomo, kisha mtihani. Mwanafunzi aliyezoea kuitumia wiki ya tatu kumfahamu mwalimu hujikuta wiki ya nne yumo kwenye jaribio. Na mwalimu mwenyewe yuko mbali. Kule alikuwa akiwajua wanafunzi wake kwa majina. Huku amesimama chini ya ukumbi wa watu mia tatu, na makundi madogo ya majadiliano huongozwa na wasaidizi wake. Profesa ana saa maalumu za kupokea wanafunzi ofisini, lakini vijana wetu, waliolelewa wasimsumbue mwalimu, hawaendi. Hii ni adabu njema isiyokuwa mahali pake, maana saa zile zimewekwa kwa ajili yao.

Jambo jingine wazazi hawaambiwi. Yuniti huhama, alama hazihami. Zile A zote za miaka miwili zilimfungulia binti mlango, lakini wastani wake wa chuo kikuu huanza upya, hauna kitu ndani yake. Aliyeingia mwaka wa kwanza akiteleza muhula mmoja, ana mihula mingine mingi ya kuufidia. Aliyehama ana sita tu kwa miaka miwili. Wastani ukishuka chini ya 2.0, huwekwa chini ya uangalizi. Ndiyo maana nawashauri vijana wachukue mzigo mwepesi kadiri chuo kinavyoruhusu katika muhula wa kwanza, na waijue tarehe ya mwisho ya kuacha kozi, ambayo kwenye mihula mifupi hufika mapema mno.

Maisha ya chuoni nayo yana upweke wake. Wenzao walifanya urafiki dahalia tangu mwaka wa kwanza. Anayehama hukuta mikeka imeshakaliwa. Wengi wetu huwaweka watoto nyumbani, nao hupanda basi alfajiri na kurudi magharibi, wakati vikao vya wanafunzi ndiyo kwanza vinaanza. Hapo Jumuiya ya Wanafunzi wa Kiislamu, iliyoasisiwa Illinois mwaka 1963 na sasa ina matawi katika vyuo vingi, huwa msaada mkubwa. Huko kijana hujua pa kusalia Ijumaa, na jinsi ya kuzungumza na mwalimu mapema Ramadhani inapogongana na mitihani, kama ilivyokuwa Machi 2025.

Na nyumbani je? Binti huyo alikuwa akimpeleka bibi yake hospitali kumfasiria, na kuwasomesha wadogo zake jioni. Hizo ni kheri, na sisemi ziachwe. Nasema kwa wiki kumi za mwanzo kaka zake nao wana miguu na ndimi.

Kwa walio bado chuo cha jamii: matawi sita ya chuo kikuu hicho, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, hutoa dhamana ya nafasi kwa anayetimiza masharti, na ombi lake hupelekwa Septemba. Kozi zichaguliwe kwa kufuata orodha ya ASSIST, inayoonyesha kozi ipi inakubaliwa wapi. Msiutupe muhtasari wowote wa kozi ambao mwalimu aliugawa siku ya kwanza. Idara ikikataa kuitambua kozi fulani, karatasi hiyo ndiyo inayoulizwa kwanza.