Je, Wajua? Anayeitwa Mvivu Darasani

Ingia darasa lolote Kampala, kuanzia Nakawa hadi Rubaga, utamkuta mtoto ambaye daftari lake limejaa wino mwekundu na jina ameshabandikwa: mvivu, mtundu, mzito, au kwa Kiganda, musiru. Yafuatayo ni mambo ambayo huenda aliyembandika hakuyajua.

KICHWANI

• Je, wajua kwamba disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika maneno, haina uhusiano na upungufu wa akili? Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, alieleza habari za kijana wa miaka 14 aliyekuwa mwerevu na mzuri wa hesabu, lakini maneno mepesi kabisa yalimshinda kusoma. Mwalimu wake aliamini kwamba kijana huyo angewapita wote shuleni kama masomo yangefundishwa kwa mdomo tu.

• Wataalamu wengi hukadiria kwamba watoto 5 hadi 10 kati ya 100 wana disleksia. Piga hesabu: darasa la watoto 60 lina watatu hadi sita. Na kwa Kampala, darasa la 60 si kubwa.

• Wapo wanaosoma vizuri lakini namba zinawachenga. Mtoto wa darasa la nne anasimulia hadithi nzima bila kukosea, kisha anahesabu vidole kutafuta 7 jumlisha 5. Hiyo huitwa diskalkulia. Disgrafia nayo hukaa kwenye uandishi: majibu anayo, mkono hauyatoi. Mtoto mmoja anaweza kuwa na zaidi ya tatizo moja.

• Si kila mwenye tatizo la umakini hurukaruka na kuvunja madawati. Wengine, hasa wasichana, hukaa kimya huku mawazo yako mbali. Mwalimu mwenye watoto 80 humwona kwanza anayepiga kelele. Huyu aliyetulia hupita darasa la kwanza (P.1) hadi la saba (P.7) bila mtu kuuliza.

• Usonji ulielezwa kitaalamu mwaka 1943 na Leo Kanner, nchini Marekani, na kwa miaka mingi ukadhaniwa kuwa shida ya familia za wasomi wa nchi tajiri. Huku kwetu, Dkt. Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waligundua kasoro nyingine: dodoso la Maswali Kumi, linalotumika katika nchi nyingi kuwachuja watoto wenye ulemavu, halikugusa usonji. Wakaongeza maswali yakafika 23, wakawauliza walezi wa watoto 1,169 wenye umri wa miaka 2 hadi 9 wa Kampala na Wakiso. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba dodoso la zamani lilikuwa likiwaacha watoto wenye shida za kweli.

HOMA, VUMBI NA CHUMVI

• Je, wajua kwamba matokeo mabaya ya mtihani yanaweza kuwa yalianzia wodini? Watafiti waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliolazwa hospitali ya Mulago, Kampala, kwa malaria ya ubongo. Miaka miwili baada ya kupona, asilimia 26.3 walikuwa na upungufu katika uwezo wa kufikiri na kujifunza. Kwa watoto wenzao wa mitaani kwao ambao hawakupata ugonjwa huo, ilikuwa asilimia 7.6. Kilichoumia zaidi ni umakini. Mama anakumbuka usiku ule wa degedege. Mwalimu hajawahi kuambiwa.

• Habari njema ni kwamba ubongo wa mtoto hufunzika. Paul Bangirana wa Makerere na wenzake waliwapa watoto waliopona malaria ya ubongo mazoezi ya akili kwenye kompyuta, yaliyotengenezwa kama michezo. Katika baadhi ya vipimo, watoto hao waliwazidi wenzao ambao hawakupewa mazoezi.

• Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliopima damu ya watoto 163 wa Kampala, wenye miaka 4 hadi 8. Mmoja katika kila watano alikuwa na madini ya risasi kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, ambacho wakati huo ndicho kilichohesabiwa kuwa cha kutia wasiwasi. Petroli yenye risasi ilikuwa imekwisha kuondolewa sokoni. Ila kadiri mtoto alivyoishi karibu na dampo la Mpererwe, ndivyo risasi ilivyozidi mwilini mwake. Madini hayo hayaleti homa wala upele. Hupunguza umakini na uwezo wa kujifunza, taratibu, bila mtu kushtuka.

• Ukosefu wa madini ya ayodini kwa mama mjamzito na mtoto mchanga ni miongoni mwa visababishi vikubwa duniani vya udumavu wa akili unaoweza kuzuilika. Kinga yake iko jikoni: chumvi iliyotiwa ayodini, jambo ambalo Uganda ililifanya kuwa la lazima katika miaka ya 1990. Soma pakiti kabla ya kununua.

• Kabla ya kusema hasikii la mtu, hakikisha anasikia. Sikio linalotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na asiyesikia sawasawa hukosea imla, huchelewa kutii, huonekana jeuri. Jaribio la awali halihitaji mashine: simama nyuma yake, asione midomo yako, umwite kwa sauti ya kawaida. Asipogeuka, mpeleke kliniki ya masikio. Macho nayo yapimwe vivyo hivyo, maana ubao usioonekana hausomeki.

DARASANI

• Je, wajua kwamba disleksia hubadilika sura kutegemea lugha? Kiganda, ambacho tahajia yake ilisanifiwa mwaka 1947, huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Kiswahili ni hivyo hivyo. Kiingereza kina mitego: though, through na tough hufanana kwa macho na kuachana mdomoni. Mtaala wa mwaka 2007 unataka P.1 hadi P.3 wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, lakini shule nyingi za Kampala huanza na Kiingereza kwa sababu watoto wao wametoka kila pembe ya nchi. Mwenye disleksia hukutana na mitego hiyo siku ya kwanza.

• Kwa sababu hiyo hiyo, anayesoma Kiganda au Kiswahili bila kukosea anaweza bado kuwa na disleksia. Katika lugha hizi kosa halionekani sana. Kinachoonekana ni kasi. Akimaliza sentensi moja wenzake wakiwa kwenye aya ya pili, hapo ndipo pa kuangalia.

• Shule za Uganda zilifungwa kuanzia Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hakuna nchi iliyozifunga kwa muda mrefu zaidi wakati wa UVIKO-19. Ndiyo maana mtaalamu makini huuliza kwanza: mtoto huyu amefundishwa? Aliyekosa masomo, akifundishwa, hupanda. Tatizo la kujifunza hubaki hata baada ya msaada wa ziada wa miezi sita au zaidi.

• Kiboko hakitibu disleksia, na tena ni kosa kisheria: marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza adhabu ya viboko shuleni. Anayechapwa kwa kushindwa kusoma hujifunza jambo moja upesi sana: kukwepa kusoma.

• Walimu wa elimu maalumu hawatoki mbali. Taasisi ya taifa ya elimu maalumu iliunganishwa mwaka 2003 na vyuo vingine viwili kuunda Chuo Kikuu cha Kyambogo, hapa hapa jijini. Shule isiyo na mwalimu wa namna hiyo inaweza kumpeleka mmoja wa walimu wake akasome huko.

• Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, serikali ilianza kwa kulipia watoto wanne kila familia, na mwenye ulemavu alitakiwa kupewa kipaumbele. Fimbo ya kutembelea ilionekana mlangoni siku ya kuandikishwa. Disleksia haikuonekana.

• Yapo mengi yasiyogharimu shilingi: kumkalisha mbele, kumpa agizo moja kwa wakati, kumuuliza kwa mdomo kile asichoweza kuandika, kusahihisha hoja ya sayansi bila kuikata kwa sababu ya tahajia, na kutomlazimisha asome kwa sauti mbele ya wenzake wanaocheka.

MTIHANINI

• Je, wajua kwamba Baraza la Mitihani la Taifa, UNEB, linaitambua disleksia? Katika mtihani wa P.7 wenye masomo manne, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 45 kwa kila karatasi. Wasioona hupewa maandishi ya nukta nundu, viziwi hupewa wakalimani wa lugha ya alama, na wenye disleksia wanaweza kupewa msaidizi wa kuwaandikia.

• Ulinzi hauishii kwenye mtihani. Katiba ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, Uganda iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na sheria mpya ya watu wenye ulemavu ilipatikana mwaka 2020.

• Lakini dakika 45 hazimfuati mtoto zenyewe. Shule ndiyo hutaja mahitaji yake wakati wa kumsajili, miezi kadhaa kabla ya mtihani wa Novemba. Asiyetambuliwa na shule hatambuliwi na UNEB. Atafanya mtihani kwa muda wa kawaida na matokeo yake yataitwa uvivu.

• Kwa hiyo usingoje P.7. Mwanao akifika P.3 bado anahangaika na herufi au namba, apimwe macho na masikio kwanza. Kisha mweleze mwalimu historia yake yote: uzazi ulivyokuwa, malaria kali, degedege, alianza kusema lini. Omba shule iandike kwenye faili lake nini kimeonekana na msaada gani umejaribiwa. Muhula wa usajili ukifika, mwalimu mkuu atakuwa na ushahidi wa miaka minne wa kuombea dakika hizo 45.