Je, Wajua? Shilingi 200 za Kufungua WhatsApp

Waganda waliwahi kutozwa kodi ya soga. Kuanzia Julai 1, 2018, aliyetaka WhatsApp, Facebook au Twitter alilipa shilingi 200 kwa siku, kwa pesa za simu. Rais Museveni alikuwa amelalamikia umbea wa mitandaoni.

Wajanja wa Kampala wakaikwepa kodi kwa kupakua VPN, programu inayoficha simu ilipo. Simu iko Wandegeya, mtandao unaiona Ulaya!

Januari 2021 Facebook ilifuta akaunti ilizozihusisha na serikali. Serikali nayo ikaifungia Facebook, siku mbili kabla ya uchaguzi. Januari 13 jioni intaneti yote ikazimwa. Iliporudi tarehe 18, Museveni alikwishatangazwa mshindi.

Na zile shilingi 200? Julai 2021 zilifutwa, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando.