Meza ya Kujazia Risasi

Siku ya mashindano, walenga shabaha wa kikauboi nchini Marekani huvaa kama watu wa karne ya 19: kofia pana, vizibao, mabuti ya ngozi, magauni marefu. Mchezo wao ulianza California mapema miaka ya 1980, na tangu 1987 una chama chake, Single Action Shooting Society. Kila mwanachama husajili jina la kupanga, ambalo hapewi mtu mwingine. Lakini atakaye kuwafahamu watu hawa aanzie nyumbani kwao, penye meza ya kujazia risasi.

Kinachowapeleka mezani kwanza ni gharama. Duru moja aghalabu hudai risasi 10 za bastola, 10 za bunduki ya wenzo, na nne au zaidi za bunduki ya marisau. Na siku moja ina duru kadhaa. Risasi za mitindo ya miaka ya 1870, kama .45 Colt na .44-40, ni ghali dukani. Ganda la shaba, hata hivyo, haliishi kazi kwa mlio mmoja. Huokotwa, husuguliwa kwa magunzi ya mahindi yaliyosagwa, kisha hupita kwenye mashine ya mkono: fataki iliyokwisha hutolewa, ganda hurudishwa kwenye kipimo chake, fataki mpya hupachikwa, baruti humiminwa, na kichwa cha risasi hukazwa mdomoni.

Mezani pana adabu yake. Ganda la .45 Colt liliundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, inayojaza nafasi kubwa. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huwekwa kidogo tu, hivyo ikimiminwa mara mbili kwa bahati mbaya, ganda halifuriki wala halitoi dalili; bastola ndiyo itakayopasuka. Kwa hiyo televisheni huzimwa, porojo huwekwa kando, na kila ganda humulikwa kabla ya kufungwa. Kipimo hutolewa kitabuni, si mdomoni mwa rafiki. Hakuna kula hapo, na mikono huoshwa, kwani madini ya risasi yana sumu. Wengi hawakubali kupiga risasi zilizojazwa na mtu wasiyemjua.

Ajabu ni kwamba ustadi huu wote hautafuti nguvu. Shabaha ni za chuma na ziko karibu, hivyo kanuni zinataka vichwa vya madini ya risasi pekee, visivyovikwa shaba, na mwendo usiozidi futi 1,000 kwa sekunde kwa bastola na 1,400 kwa bunduki. Wanaokimbizana na saa hupunguza baruti zaidi ili bastola isirukeruke, hadi ikabidi kiwekwe kiwango cha chini pia. Wafuasi wa baruti nyeusi huwatania kwa hilo. Wao hutaka mshindo na wingu la moshi, na jioni hulipa kwa kuosha bunduki zao kwa maji ya moto na sabuni, zisiliwe na kutu.

Katika mashindano makubwa, waamuzi huweza kupima mwendo wa risasi kwa mashine. Katika vilabu vidogo, ambako wengi hucheza mwezi hadi mwezi, neno la mjazaji ndilo hukubaliwa. Ndiyo maana mgeni hujijengea sifa kwanza kwa uangalifu wake mezani. Kasi ya uwanjani huja baadaye.